Galoo na Viazi vya Mkuu wa Stesheni

Kwanza hili la mchuzi liwekwe sawa. Hakuna mkwe aliyemwagiwa mchuzi mapajani katika nyumba ile. Mchuzi ulifika kwenye kitambaa cha meza, na tone moja, labda mawili, yakaangukia mkono wa koti la mgeni, nayo yalitoka kwa maji na sabuni kabla hata chai haijaletwa. Wanaosimulia kwamba mgeni aliondoka amelowa, kwamba aliyepakua alikuwa amelewa, na kwamba posa ilirudishwa siku hiyohiyo, hawakualikwa, na huenda ndicho kinachowauma. Walioalikwa walikula wakashiba, na wanajua kilichotokea.

Aliyepakua hajalewa hata siku moja maishani mwake. Alionja bia ujanani, akasema ina ladha ya sarafu, na habari ya ulevi ikaishia hapo. Jina alilopewa na wazazi wake halisikiki tena. Mtaa mzima unamwita Galoo. Alizaliwa kitinda mimba katika familia ya watu wa vitabu: kaka yake mkubwa, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwalimu mkuu, na mke wa kaka huyo alifundisha Kiingereza mpaka alipostaafu. Galoo hakuipenda shule, na shule nayo haikujipendekeza kwake. Alichokipenda tangu utotoni ni meza iliyoandaliwa. Mama yake alikuwa akikuta vijiko vya nyumba nzima vimepangwa kwa urefu juu ya benchi, kama wanafunzi mstarini, na mtoto amesimama mbele yao mikono nyuma, akivikagua.

Basi haikumshangaza mtu alipokwenda kuomba kazi hotelini. Alianzia kwenye sinki, akiosha sahani, kisha akapandishwa kuzibeba. Ukumbi wa chakula wa hoteli ile ulikuwa na feni za dari zilizozunguka polepole kama zinazowaza, na sakafu ya mbao iliyosuguliwa kwa nta hadi kila mhudumu mpya akateleza siku yake ya kwanza. Galoo aliteleza ya kwanza na ya pili. Ya tatu alivaa viatu vya soli ya mpira, na tangu hapo hakuanguka tena, ingawa kaka yake aliendelea kumuuliza kila Jumapili, "Leo umefika chini au umebaki juu?"

Pale hotelini chakula hakikuletwa kikiwa kimeshawekwa sahanini. Mhudumu alibeba bakuli kubwa juu ya mkono wa kushoto uliotandikwa kitambaa cheupe, akasimama kushoto kwa mgeni, akainama kidogo kama mtu anayetaka kunong'onezwa siri, kisha akapakua kwa mkono wa kulia, kijiko na uma vimebanwa pamoja kama koleo. Na katika kupakua kulikuwa na sheria moja isiyojadiliwa. Mhudumu haachi kwa uamuzi wake. Akiacha kabla mgeni hajasema, ni sawa na kumwambia mgeni kwamba ni mlafi. Wala haulizi kama inatosha, maana kuuliza ni kumsukuma mgeni aseme ndiyo. Anapakua tu, taratibu, mpaka mgeni mwenyewe aseme au anyanyue kiganja.

"Mgeni ndiye mwenye breki," meneja alikuwa akiwaambia. "Ninyi ni magurudumu."

Galoo aliishika sheria ile kama wengine wanavyoshika dini.

Neno lenyewe alilikuta mlangoni. Kila Jumapili meneja alisimamisha ubao mweusi penye mlango wa ukumbi, akaandika kwa chaki vyakula vya mchana, na chini kabisa, kwa herufi za madaha zenye mikia, aliandika pudini, na baada ya pudini aliandika galore. Kijana hakumuuliza mtu maana yake. Alitazama meza iliyokuwa nyuma ya ubao, akaona keki, kastadi, matunda yaliyokatwa na krimu iliyosimama yenyewe, hadi pa kuweka kiwiko hapakuwepo, akaamua kwamba maana anaiona kwa macho. Galore ni tele. Galore ni mpaka meza ikome.

Akalichukua neno nyumbani, na hakulirudisha tena. Ukimuuliza habari za leo, alijibu, "Galore!" Za kazini? "Galore pia." Mvua ikinyesha ilikuwa galore, na jua likiwaka lilikuwa galore. Watu wa mtaani, ambao ulimi wao hauna subira na Kiingereza, wakalikata mkia likawa Galoo, na jioni moja mtoto wa jirani alipopita akasema, "Shikamoo, Mzee Galoo," ilijulikana kwamba jina la wazazi limekwenda na maji.

Hata mke alimpata kwa neno hilohilo. Alikwenda kupimwa suruali kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, binti mkimya mwenye futi ya kitambaa shingoni. Akaulizwa kiunoni kuachwe nafasi kiasi gani. Akajibu, "Galore." Fundi akamshonea suruali iliyohitaji mkanda, na mkanda ulihitaji dua. Alirudi kulalamika, akarudi tena kulalamika, akawa anarudi hata suruali yenyewe ameiacha nyumbani, na mwishowe wakaoana. Mpaka leo Galoo humpakulia mkewe kwa mtindo wa hotelini, kitambaa mkononi, upande wa kushoto.

"Inatosha, Galoo," mkewe husema.

"Mama, hata bakuli sijafunua."

"Ndiyo maana nasema mapema."

Aliyemsumbua kuhusu neno hilo ni shemeji yake, yule mwalimu wa Kiingereza, mke wa kaka. Yeye hakuwa mtu wa kuacha kosa lipite mlangoni mwake likisalimia. Siku moja Galoo aliingia sebuleni akihema na kutangaza kwamba hotelini kuna galore wageni.

"Wageni galore," shemeji alimsahihisha bila kuinua macho kwenye gazeti. "Linakaa nyuma ya jina, Shemeji, kama letu. Husemi tele wageni. Unasema wageni tele."

"Lakini ninyi wenyewe mlinifundisha kwamba kwa Kiingereza sifa inatangulia."

"Hili halitangulii."

Galoo alifikiri. "Basi ni neno lenye adabu. Linawapisha wageni waingie kwanza, ndipo lenyewe linafuata na bakuli."

Kaka yake alicheka hadi miwani ikamdondoka. Shemeji hakucheka, lakini aligeuza ukurasa wa gazeti kabla hajaumaliza, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

Kisha kaka akafariki. Siku ya mazishi Galoo alisimama mlangoni kuwapokea waombolezaji, suti yake nyeusi imepigwa pasi hadi ingeweza kukata mkate, na kila aliyemfikia, kuanzia majirani hadi ofisa mkubwa wa elimu aliyekuja na dereva, alimshika mkono akamwambia, "Ahsante kwa kuja. Poleni. Poleni galore." Ofisa akajikohoza. Wiki chache zilipopita, shemeji alimwita akamkalisha chini.

"Lile neno ni la furaha," alimwambia kwa upole, upole ambao wanafunzi wake hawakuwahi kuuonja. "Ni la tangazo la duka, la michezo, la karamu. Hata kwenye barua ya kuomba kazi huliweki. Lina nguo za sikukuu tu, Shemeji, suti halina."

Galoo alitazama mikono yake. "Nilitaka pole ziwe nyingi," alisema. "Kaka alikuwa mtu mkubwa. Pole moja moja niliona hazimfiki."

Kwa muda mrefu baada ya hapo shemeji hakumsahihisha tena.

Sasa tufike kwenye viazi. Marehemu aliacha binti mmoja, mfamasia, mpole kwa sura na mkaidi kwa mengine yote, kama mama yake. Galoo, ambaye hakujaliwa watoto, alimlea bega kwa bega na mjane: alimpeleka shule kwa baiskeli, alimfundisha kukunja kitambaa cha kufutia mikono kiwe ndege, na binti alipofaulu mtihani wa mwisho alimtangazia kila mteja wa hoteli, hata waliokuja kunywa maji tu. Binti naye hakuwahi kumwita kwa jina la mtaani. Alimwita Baba Mdogo, na akiwa na shida alilikata, akamwita Baba.

Binti akapata mchumba, mhandisi kijana mtulivu. Baba wa kijana alikuwa mkuu wa stesheni aliyestaafu, mtu wa mabega mapana na masharubu meupe, aliyetumia maisha yake kusimamisha treni na kuziruhusu kuondoka kwa kunyanyua kiganja. Posa ilikuwa imekwisha kupelekwa, ila jibu la mwisho la upande wao lilikuwa bado. Mzee alikuwa amesema wazi kwamba mama wa binti anamjua kwa sifa, nazo ni nzuri, lakini baba amekufa, na kabla hajatoa neno anataka kumwona mwanamume aliyesimama mahali pake. Akaalikwa chakula cha mchana, yeye na mkewe.

Shemeji alimwita Galoo mapema.

"Siku hiyo hupakui," alisema. "Unakaa mwanzo wa meza, mahali pa kaka yako. Nimemwomba mpwa wa jirani asaidie kupakua."

"Yule? Shemeji, yule hata chai anaimwaga kwa kuitazama."

"Amwage. Lakini sitaki watu waseme baba wa binti yangu alimshikia mkwe bakuli."

"Kumshikia mtu bakuli si aibu."

"Kwangu mimi si aibu. Nasema watu."

Galoo alikubali, kwa sauti ya mtu aliyeombwa avue meno. Akauliza kama angalau kwenye neno la kukaribisha anaweza kusema wamekaribishwa galore. Shemeji akasema hapana, hilo nalo libaki nyumbani kwake, na alipoona uso wa Galoo umeanguka, akafikiri kwamba sababu ya kitaalamu itampoza. Akavuta kamusi kubwa rafuni, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akasoma.

"Si la Kiingereza kwa asili. Walilichukua kwa Waayalandi, watu wa kisiwa cha jirani yao, zamani sana. Kule lilikuwa maneno mawili. La kwanza lina maana ya hadi. La pili lina maana ya kutosha. Waingereza wakayabana pamoja, wakayatumia kwa tele."

"Hadi kutosha?"

"Hadi itoshe."

"Itoshe na kubaki?"

"Itoshe, Shemeji. Kiasi chake."

Feni ya mezani ilikuwa ikigeuza shingo huku na huku.

"Kwa hiyo miaka yote hii," Galoo alisema, "watu wananiita Bwana Inatosha."

"Hakuna anayejua. Ni wewe na mimi."

"Na kamusi."

"Na kamusi," shemeji alikubali, maana hakuwa mtu wa kusema uongo juu ya kamusi.

Galoo alichukua kofia yake akaondoka. Mkewe anasimulia kwamba kuanzia jioni ile kila aliyemsalimia alijibiwa, "Salama tu," na kwamba kesho yake majirani walikuja na machungwa kumjulia hali mgonjwa.

Siku ya wageni alifika mapema katika suti ileile nyeusi, akaketi alipoelekezwa. Mkuu wa stesheni aliketi kuliani kwake, mgongo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Mke wa mkuu wa stesheni alifuata, mkoba wake mapajani, na ng'ambo ya meza walikaa wachumba, shemeji, na mke wa Galoo. Salamu zilikwenda vizuri. Habari za treni zilikwenda vizuri zaidi. Lakini kila alipoulizwa jambo Galoo alijibu kwa neno moja, na mara mbili mkuu wa stesheni alimtazama pembeni, kama anayetazama treni iliyoingia bila taa. Shemeji aliyaona yote. Alianza kukunja na kukunjua pembe ya kitambaa chake.

Mpwa wa jirani akaingia na supu. Alisimama kulia. Alipitisha mkono mbele ya pua ya mgeni. Galoo alifumba macho, akavumilia. Supu ikapita. Ndipo msaidizi yule akaleta bakuli kubwa la viazi vya kuponda, lile lililoazimwa kwa jirani, akachota, na ili kijiko kiachie viazi, akakigonga kwenye ukingo wa sahani ya mama mkwe. Ko!

Galoo alikuwa ameshasimama.

"Samahani, mwanangu," alimwambia msaidizi, na kabla mtu hajavuta pumzi, kitambaa cha Galoo cha kufutia mikono kilikuwa juu ya mkono wake wa kushoto, na bakuli juu ya kitambaa. Shemeji alimtupia jicho ambalo kwa miaka lilikuwa likinyamazisha darasa zima na darasa la pili yake. Halikufika. Mhudumu akiwa kazini hatazami watu, anatazama sahani.

Mama mkwe alinyanyua kiganja mapema, akapakuliwa kidogo, akashukuru. Galoo akahamia kwa mkuu wa stesheni, upande wa kushoto, akainama.

Hapa kuna jambo lililojulikana baadaye, lakini afadhali lisemwe sasa. Mkuu wa stesheni alilelewa na mama mwenye amri moja: ugenini hukatai, na sahani unaimaliza. Ukisema inatosha, umeutukana mkono uliopika. Mzee yule alikuwa ameitii amri hiyo katika nyumba za watu wa kila aina, na haikuwahi kumletea shida, kwa sababu hakuwahi kupakuliwa na Galoo.

Kijiko cha kwanza kilitua. Galoo akategea sikio. Mzee alinyamaza. Kikatua cha pili, cha tatu, vyote kwa ustaarabu mkubwa. Mzee akatabasamu na kunyamaza. Galoo akawaza kwamba huyu ni mtu mwenye hamu ya kweli, na Mungu amjalie. Mzee akawaza kwamba hawa ni watu wakarimu mno, na Mungu awasamehe. Viazi vya kuponda havina aibu, havisambai, vinapanda. Vilipofika usawa wa glasi, Galoo alibadilisha bakuli, akaanza njegere. Njegere zilikaa juu ya mlima kwa muda, kisha moja ikajitenga, ikashuka, ikabingirika mezani kote na kutumbukia katika mkoba wa mama mkwe, uliokuwa wazi. Ya pili ikaifuata, kama inayojua njia.

Ng'ambo ya meza, binti alimkanyaga mchumba wake mguu.

"Mwambie baba yako aseme inatosha," alinong'ona.

"Baba hasemi. Hajawahi. Mwambie Baba Mdogo aache."

"Baba Mdogo haachi."

"Kwani hana macho?"

"Macho anayo. Anachosubiri ni sauti."

Nyama ikapata mahali pa kukaa kwa shida. Mke wa Galoo alikwishaanza kutazama dari. Kisha ukaja mchuzi. Galoo aliumwaga kwa uzi mwembamba kileleni, ukajaza shimo, ukatulia kidogo kama unaotazama mandhari, halafu ukatafuta njia ya kuteremka. Ukafika kwenye kitambaa cha meza. Ukafika kwenye mkono wa koti. Ni huo mchuzi mnaousikia, na ni huo tu.

Mkuu wa stesheni hakuwa akitabasamu tena. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya masharubu. Kwa mara ya kwanza wazo lilimpitia, na lilionekana likimpita usoni, kwamba labda anachezewa. Kwamba hawa watu waliosoma wamemweka mtu wa kumfanya kichekesho mbele ya mwanawe. Aliweka mikono miwili juu ya meza. Kiti chake kikalia sakafuni, nusu hatua nyuma.

"Mzee," mkewe alimwita taratibu, kama mtu anayeita paka aliye juu ya ukuta.

Kila mtu alijua kwamba mzee akisimama, atachukua kofia, na kofia ikitoka, jibu limetoka. Binti alimkanyaga mchumba wake tena. Mama yake alikuwa na neno ulimini, lakini alijua kwamba neno lolote lingemwaibisha mmoja kati ya wanaume wawili, na hakuna kati yao aliyestahili.

Galoo alisikia kile kiti. Aliinua macho kutoka kwenye sahani, akatazama uso. Akaona mtu mzima, mwenye heshima zake, aliyekwama, asiyejua pa kutokea. Alikuwa amewahudumia wageni umri wake wote akisubiri wao ndio waseme, na hata siku moja hakuwahi kufikiri kwamba mgeni anaweza kuwa anamsubiri yeye. Akashusha bakuli la mchuzi mezani. Akatoa kitambaa mkononi. Kisha akauliza swali ambalo kazi yake ilikuwa imemkataza tangu siku alipoacha kuteleza.

"Mzee," alisema kwa sauti ya chini, "inatosha?"

Mkuu wa stesheni alivuta kiti chake mbele tena.

"Ndugu yangu," akajibu, "ilitosha kwenye kijiko cha kwanza. Nilikuwa nangoja uache."

"Na mimi nilikuwa nangoja useme."

"Kwetu hatusemi."

"Kwetu hatuachi."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alicheka kimya kwanza, mabega tu, kisha mkoba ukamponyoka ukamwaga njegere na leso sakafuni, na hapo meza nzima ikaenda. Mkuu wa stesheni alijifuta macho kwa mkono wa koti, ule wenye mchuzi. Kama kuna aliyechungulia dirishani akaona mkwe anatoka machozi, basi ni hayo.

"Mimi nimesimamisha treni za mizigo kwa kiganja kimoja," alisema alipopata pumzi. "Mabehewa hayana mwisho! Kijiko kimenishinda."

Galoo aliinama kuchukua sahani aende kuipunguza, lakini mzee aliishika.

"Acha. Sahani inamalizwa, mama yangu yuko juu ananitazama. Ila hakusema imalizwe na mtu mmoja. Vuta kiti."

"Mhudumu hakai na mgeni, Mzee."

"Nani kamwita mhudumu? Mimi nimekuja kumwona baba wa binti. Niliambiwa yupo."

Galoo alimtazama shemeji yake. Shemeji alitazama kiti kitupu cha mumewe, kilichokuwa nyuma ya Galoo, akakielekeza kwa kidevu.

"Ni mimi," Galoo alisema.

"Basi kaa, baba wa binti. Chukua uma."

Akakaa. Wakaanza kula, kila mmoja kwa upande wake wa mlima, kama mafundi wa reli wanaochimba handaki na kutarajia kukutana katikati. Walikula kwa bidii na kwa mazungumzo. Yule mtu wa neno moja sasa alikuwa na maneno ya kumpa kila mtu: feni za hotelini, sakafu ya nta, binti akiwa nyuma ya baiskeli na kitambaa kilichokunjwa kuwa ndege. Mzee alisikiliza akitafuna, akiuliza hili na lile.

"Na hili jina la Galoo limetoka wapi?" aliuliza mwishowe.

Uma wa Galoo ulisimama. Shemeji aliutazama uma ule kuliko alivyowahi kutazama mtihani wowote.

"Ni neno la Kiingereza, Mkwe," Galoo alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo. "Watu wanalitumia kwa tele, kwa mambo ya furaha. Lakini chini yake, kule lilikozaliwa, ni hadi itoshe. Shemeji yangu mwalimu ndiye aliyenionyesha. Kwanza niliona limepungua."

"Na sasa?"

"Sasa naona lina breki."

Mkuu wa stesheni alitikisa kichwa polepole, akameza, akaweka uma chini. Sahani ilikuwa nyeupe.

"Mama," alimwambia mkewe, "ukimaliza kuokota njegere, toa kalenda."

Tarehe ilipangwa pale pale, kabla ya chai. Kuhusu kilichorudishwa siku ile, ni bakuli. Lilikuwa la kuazima, likarudishwa kwa mwenyewe jioni likiwa limeoshwa na kukaushwa, na aliyeliona likipita barabarani akalifanya posa ana kazi ya kujielezea. Arusi ilifanyika kama ilivyopangwa. Galoo alimpeleka binti kwa bwana arusi mbele ya watu wote, na katika neno lake la kuwakaribisha wageni alilisema lile neno, akaliweka nyuma ya jina, panapostahili, na hakuna aliyemzuia.

Limebaki moja tu. Inasemwa mtaani kwamba siku ile ya viazi, wageni walipokuwa wakivaa kofia, yule mwalimu alionekana jikoni peke yake, uso ndani ya aproni. Jikoni kulikuwa na vitunguu. Anayetaka kujua kama vilikuwa vimeshamenywa au bado viko kwenye kikapu na maganda yao, akachungulie jikoni kwake. Hapa hakuna zaidi, na halitaongezwa neno.